Viatu vya kuzunguka Kisumu: Ukitoka Migosi, sikiliza mguu kabla ya nyadhi

Marafiki zako kutoka Nairobi wamesema watafika Ijumaa usiku, na Jumamosi wanataka kuonyeshwa Kisumu yote. Wewe ndiwe mwenyeji kwa sababu unaishi Migosi. Umeshapanga mtakula wapi, mtapiga picha wapi na nani atabeba pawabenki. Kitu ambacho hujafikiria ni viatu. Ama umevifikiria sana, lakini kwa upande wa picha tu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mkitoka Migosi hadi Kondele, mshuke na Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta kupitia Kibuye hadi katikati mwa jiji, muingie Makavazi ya Kisumu, muelekee Hifadhi ya Impala kisha mmalizie ufuoni Dunga, mtakuwa mmekata kilomita kumi hivi, na huenda zikazidi. Hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 75. Hiyo ni zaidi ya mara 13,000 mguu wako unatua chini siku moja, na kila ukitua, kiatu ama kinakusaidia ama kinakuumiza.

Najua utasema tuktuk zipo na boda ziko kila kona. Ni kweli. Lakini ukiwa kwenye tuktuk utapita mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga, uliojengwa 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, bila hata kugeuza shingo. Mji huu ulianza reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, wakati huo ukiitwa Port Florence, na sehemu zake za zamani zimekaribiana kiasi kwamba anayetembea huona mengi kuliko anayebebwa. Pia mkiwa watu wanne mfukoni mna elfu mbili, ni heri pesa ya nauli iende kwa samaki.

Sasa, shida yenyewe ni hii. Wengi wetu hatuna kabati la viatu. Tuna jozi moja ya maana, pengine mbili. Jozi utakayonunua kwa ajili ya matembezi ya Jumamosi ndiyo utakayovaa chuoni Jumatatu, kanisani Jumapili, na ukiitwa mahali kwa mahojiano ya kazi, ni hiyo hiyo. Kwa hivyo ukikosea, hasara haiishi siku moja. Utachechemea nayo muhula mzima, au itakaa chini ya kitanda huku ukirudia zile za zamani zilizotoboka.

Tuanze na ardhi, maana kiatu huchaguliwa kwa ardhi. Katikati mwa jiji utakanyaga kabro na lami, vitu vigumu ambavyo havinyonyi kishindo hata kidogo. Humo ndani ya mitaa, Migosi ikiwemo, bado kuna vichochoro vya vumbi ambavyo mvua ikinyesha vinageuka kuwa tope. Na kama unaujua ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, unajua unavyong'ang'ania soli hadi unahisi umevaa matofali. Makavazini kuna nyasi na njia za kuzunguka boma la Kijaluo la Ber-gi-dala. Dunga kuna njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi cha mafunjo, halafu ufuo wenyewe ambako samaki wanashushwa na sakafu haikauki.

Ongeza joto. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na ikifika saa sita mchana lami inachoma. Mguu kwenye joto huvimba. Kisha alasiri wingu linaweza kuinuka kutoka ziwani na kukumwagia mvua ukiwa katikati ya barabara. Kiatu chako lazima kiyaweze hayo yote: kitulize kishindo, kisiteleze, kipitishe hewa, na kikilowa kikauke.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwa nini raba nyingi zinazovuma mtandaoni hazifai siku kama hiyo. Nyingi kati ya zile tunazoita za mtaani zilizaliwa uwanjani. Converse All Star ilitoka 1917 kwa wachezaji wa mpira wa vikapu. Air Force 1 ya Nike, ambayo ukipita lango la chuo chochote utaihesabu hadi uchoke, ilitoka 1982 kwa mchezo huo huo. Samba ya Adidas ilitengenezwa kwa kandanda kwenye viwanja vilivyoganda kwa baridi. Si viatu vibaya. Lakini All Star ni kitambaa juu ya soli bapa, kufika Oginga Odinga kisigino kimeanza kulalamika. Air Force ni nzito na ngozi yake inafungia joto ndani. Na hapo nazungumzia zile halisi. Zile za kuigiza, zenye soli ngumu ya mpira mtupu na gundi inayonuka hadi siku ya tatu, usiulize. Zinang'aa, ndiyo. Lakini ukiwa na Sh1,500, kiatu kipya bandia ni kati ya ununuzi mbovu zaidi unaoweza kufanya mjini.

Pesa hiyo hiyo ipeleke Kibuye.

Soko la Kibuye halihitaji utambulisho kwa mtu wa Migosi. Siku yake kuu ni Jumapili. Kwa hivyo kama wageni wako wanakuja Jumamosi, usinunue Ijumaa jioni kwa haraka. Nenda Jumapili mbili kabla. Upande wa viatu vya mtumba utapata raba za kukimbilia na za kutembelea zilizovaliwa kidogo ughaibuni, zenye povu zuri na soli ya kweli, kwa bei ya zile bandia au chini yake. Muuzaji atakuita, "Omera, hii ni kamera, imetoka kwa beli leo asubuhi!" Mtabasamu, msalimie, lakini usitoe pesa bado. Na kama muuzaji ni mama, mwamkue vizuri kwanza, bei ya aliyeamkua na bei ya aliyeanza na "hii ngapi?" huwa hazifanani.

Shika kiatu mkononi. Kikunje. Kinafaa kupinda pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kikipinda katikati kama chapati, hakina mgongo, na jioni nyayo zako zitawaka. Halafu kisokote kama unayekamua nguo: kikubali kidogo, kisha kikatae. Finya sehemu ya nyuma inayoshika kisigino. Ikiwa laini kama soksi, mguu utakuwa unacheza humo ndani, na mguu unaocheza ndio unaotoka malengelenge.

Sasa viweke viwili chini, mahali palipo sawa, na uviangalie kwa nyuma. Vimesimama wima au kimoja kimelalia upande? Aliyevivaa kabla yako alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo umeandikwa kwenye soli. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida. Lakini kiatu kilichoinama kitakuinamisha na wewe, na goti lako ndilo litakalolipa. Linganisha pia namba za vyote viwili. Si mara moja wala mbili mtu amefika nyumbani na 41 na 42.

Jaribio linalofuata watu wengi hawalijui, na ndilo lingewaokolea pesa zaidi. Kuna aina ya povu la soli liitwalo poliuretani. Povu hili hunyonya unyevu wa hewa na kuoza polepole hata kiatu kikiwa kimewekwa tu kabatini. Kwa macho utaona kiatu kipya kabisa, ngozi inang'aa, soli haijalika hata chembe. Unakivaa asubuhi, na kufika mchana soli inameguka vipande vipande kama keki kavu. Kiatu cha mtumba huenda kilikaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kukufikia, kwa hivyo hatari hii ni ya kweli. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu, huku ukikipinda. Ukiona nyufa ndogondogo, unga, au ukihisi inanata, kirudishe polepole na useme asante. Usidanganywe na usafi. Kiatu ambacho hakijawahi kuvaliwa na kina miaka kumi ni hatari kuliko kilichovaliwa mwaka mmoja.

Ukiridhika, toa ile soli ya ndani. Iweke chini na uikanyage. Mguu wako usimwagike pembeni, na mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soli hiyo ikikataa, usimsikilize anayesema "itapanuka tu." Ngozi hulegea kidogo, ni kweli, lakini urefu wa kiatu hauongezeki.

Kuhusu namba, hapa kuna mtego. Raba ya Nike iliyoandikwa 42 huandikwa 7.5 kwa kipimo cha Uingereza, na ya Adidas iliyoandikwa 42 huandikwa 8. Ilhali zote mbili zimekusudiwa mguu mmoja, wa sentimita 26.5. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kuapa kwamba yeye ni nane, wewe ukaapa kuwa wewe ni saba na nusu, na mkabadilishana viatu bila shida. Achana na mabishano. Angalia kile kibandiko kilicho ndani ya ulimi wa kiatu, utafute sentimita. Na ujipime kabla ya kutoka nyumbani: weka karatasi sakafuni, kisigino kikiguse ukuta, chora alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa rula. Pima miguu yote miwili maana mara nyingi mmoja huzidi mwingine, na ununue kwa kufuata ule mkubwa. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umechoka na umevimba kidogo. Kule Kibuye utaenda asubuhi kwa sababu viatu vizuri huondoka mapema, lakini mguu wa asubuhi ni mwongo. Kwa hivyo amini karatasi.

Kina dada, neno moja. Kama mguu wako ni mpana au mrefu na rundo la wanawake linakunyima, nenda kwenye rundo la wanaume bila kuomba ruhusa. Raba haina jinsia, na rangi za siku hizi hazikusaliti. Tatizo pekee ni kisigino, ambacho huwa kipana zaidi kwa viatu vya wanaume. Dawa yake ni kamba. Raba nyingi zina tundu moja la ziada pale juu kabisa ambalo watu huliacha bure. Pitisha kamba hapo kutoka nje kuingia ndani upande ule ule ili ifanye kitanzi kidogo, pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, kisha vuta na ufunge. Kisigino kinakaa kimya. Wakimbiaji hufanya hivyo kila siku, na ni bure.

Usipotaka mtumba, kuna njia nyingine. Bata wana kiwanda Limuru, na buti lao la Safari ni la ngozi inayopumua, linavaliwa na suruali ya jinzi au hata gauni na bado unaonekana umejipanga. Shida yake ni kwamba likiwa jipya ni gumu, linahitaji wiki mbili za kuzoeshwa. Akala ni imara ajabu, na nitawatetea wavaaji wake mbele ya yeyote, lakini tairi halina huruma kwa kisigino kwenye kabro za kilomita kumi. Kandambili ziache bafuni. Na wale wa viatu vya visigino virefu kwa sababu ya picha za Dunga, mbao za ile njia zina nafasi katikati. Unaelewa.

Tuje kwa nyadhi, maana hii ni Kisumu na hatuwezi kujifanya haituhusu. Mtu hatoki hapa kwenda kuzungusha wageni akiwa kama anaenda kuchimba mtaro. Ninachosema ni kwamba starehe na mtindo havigombani siku hizi. Raba za kukimbilia zenye soli nene, ambazo zamani zilionekana za wazee wa mazoezi, ndizo sasa vijana wanazitafuta. Rangi ndiyo ya kufikiria. Nyeupe tupu inapendeza barabarani Oginga Odinga, lakini ikifika Dunga imekuwa ramani. Kijivu, kahawia hafifu, kijani cha jeshi, au nyeusi yenye soli ya rangi ya maziwa huficha vumbi na bado hutoka vizuri kwenye picha. Acha kiatu kimoja kiongee, nguo zinyamaze: suruali ya rangi moja, fulana safi, ama gauni la kitenge na raba. Ukivaa kila kitu kinachopiga kelele, hakuna kinachosikika.

Ukishanunua, osha. Toa kamba na soli za ndani, uzisugue kwa sabuni, kisha vikaushe kivulini penye upepo, magazeti makuukuu yakiwa yamejazwa ndani kuvuta unyevu na harufu. Usivianike juani kwenye mabati, jua la hapa linalegeza gundi. Soli ya ndani ikiwa imechoka, fundi wa viatu atakukatia nyingine. Ukitaka pia azungushe uzi kwenye soli, ni sawa, itadumu, ila maji yanaweza kupita kwenye matundu ya sindano.

Halafu vivae. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Siku ya kwanza dukani na kurudi. Siku ya tatu Kondele na kurudi. Wiki ya pili mjini. Mnamo 1960 huko Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia hakupata viatu vipya vilivyomkaa sawa kabla ya mbio za marathoni, akaamua kukimbia pekupeku na akashinda dhahabu. Yeye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Wewe na mimi hatujazoea, na lami ya Kisumu saa saba mchana haitatusamehe.

Soksi pia ni sehemu ya kiatu. Pamba tupu hunyonya jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Tafuta zile za mchanganyiko, zisizo na mshono mnene mbele ya vidole, na ubebe jozi moja ya ziada mfukoni. Mkifika Impala, kabla ya kuingia, badilisha. Utashangaa. Ukihisi mahali panaanza kuwaka, simama hapo hapo, ubandike plasta kabla lengelenge halijainuka. Likishainuka usilitoboe, lifunike.

Na kama mgeni wako si wa Nairobi bali ni mama au baba aliyetoka nyumbani ushago, kuja kuona unakoishi, mwangalie miguu kabla ya kumtembeza popote. Wazee wengi husafiri na viatu vyao vya heshima, vile vya harusi na mazishi, na hawatakuambia vinabana. Mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza hata asihisi kidonda kinapoanza, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari huchelewa kupona na kinaweza kumpeleka pabaya. Mwambie kwa adabu, "Mama, vaa hizi raba zangu leo, hivyo vyako tuvitunze vya kanisani." Atakataa mara ya kwanza. Mwambie tena. Kisha jioni mkirudi, muombe avue soksi, angalia nyayo na katikati ya vidole, na kama kuna wekundu au mchubuko wowote, hospitali ya Migosi haiko mbali.

Kwa siku yenyewe, ondokeni mapema kabla jua halijapanda, na mpange Dunga iwe ya mwisho ili mkae chini mle samaki miguu ikiwa imenyooshwa. Kurudi, pandeni tuktuk, kilomita zimetosha. Ukifika Migosi fungua kamba hadi mwisho, toa soli za ndani, uviache viatu dirishani vipigwe upepo usiku kucha. Jumatatu asubuhi utavihitaji tena.